Mikono ya Thérèse

Watu watatu wanaoibeba filamu ya Le Bonheur wote ni watu wa kazi. François ni seremala kwenye karakana ya mjomba wake huko Fontenay-aux-Roses, mji mdogo ulio pembezoni mwa Paris upande wa kusini. Thérèse, mkewe, ni fundi cherehani anayeshonea nyumbani. Émilie yuko nyuma ya kaunta ya posta. Aliyewatunga, Agnès Varda, naye alitoka kwenye kazi ya macho na mikono. Alianza kama mpigapicha wa Théâtre National Populaire, kundi la tamthilia lililoongozwa na Jean Vilar, na huko alizoea kusimama kando ya jukwaa akisubiri uso ugeuke au mkono unyanyuke. Alipoipiga filamu hii mwaka 1964 alikuwa na umri wa miaka 36, na ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza ya rangi.

Jina la filamu hiyo la Kifaransa maana yake ni Furaha. Kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja. Mume anayempenda mkewe kwa dhati anakutana na mwanamke mwingine, anampenda naye kwa dhati, kisha anamweleza mkewe bila kuficha. Siku hiyohiyo mke anakufa maji. Baada ya msiba, yule mwanamke wa pili anahamia ndani. Hakuna fumanizi wala ugomvi, na hakuna jirani anayepeleka umbea. Nimeitazama mara nyingi, na siku hizi sikifuati tena kisa; nafuata jinsi kilivyoshonwa, kwa sababu kila anachokifikiri Varda juu ya ndoa ile amekiweka kwenye mshono, na hakumpa mhusika hata mmoja kazi ya kukitamka.

Kazi ilianza kabla kamera haijawashwa, kwenye kuchagua watu. Jean-Claude Drouot alikuwa uso unaojulikana Ufaransa nzima, hasa kwa watoto, kwa sababu ya tamthilia ya televisheni ya Thierry la Fronde, ambamo alikuwa kijana shujaa mwenye kombeo. Varda alimchukua awe François. Kisha akamchukua na mkewe, Claire Drouot, ambaye hakuwa mwigizaji, awe Thérèse, na watoto wao wawili, Olivier na Sandrine, wakawa Pierrot na Gisou. Kwa hiyo familia tunayoiona kwenye kioo ni familia. Mtoto anaponing'inia shingoni mwa baba yake, ile ni shingo anayoijua. Mama anapomfunga kifungo binti yake, vidole havitafuti kifungo kiko wapi. Mambo haya mwigizaji hafundishiki kwa wiki mbili, na Varda alijua hivyo, maana mpigapicha wa watu hujifunza mapema kuwa mazoea hayaigizwi vizuri.

Lakini uchaguzi huo una upande wa pili, na hapo ndipo ninapoanza kumwona fundi aliyefika mbali. Baada ya kutupa familia ya kweli, anaivunja mbele ya macho yetu. Mume wa kweli anambusu Marie-France Boyer, anayeigiza kama Émilie, na mke wa kweli analala kwenye majani akiwa maiti. Mtazamaji anayejua hayo hawezi kukaa kwa starehe. Asiyejua pia ameshaonjeshwa ukweli wa miili ile tangu mwanzo, na mwili wake unakumbuka hata kama akili haijaambiwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa rangi. Wapigapicha wake walikuwa Jean Rabier na Claude Beausoleil. Rabier alikuwa ameshafanya naye Cléo de 5 à 7 kwa rangi nyeusi na nyeupe, na alikuwa ametoka kupiga Les Parapluies de Cherbourg, filamu ya Jacques Demy, mume wa Varda. Mtayarishaji wa filamu zote mbili, ile ya Demy na hii ya Furaha, alikuwa mwanamke mmoja, Mag Bodard. Kwa Demy rangi ni za kuta na makoti na miavuli, rangi za mjini. Varda alizipeleka zake nje, kwenye majani na maji na nguo za pamba zenye maua, akiwafuata wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 waliobeba turubai zao hadi mtoni ili wachore mwanga wenyewe ukiwa bado haujahama.

Tazama jinsi anavyofunga tukio. Kwa desturi ya sinema, tukio likiisha picha hufifia hadi gizani, kisha lingine likachomoza. Varda alilikataa giza hilo. Picha zake zinafifia kuingia kwenye rangi: nyekundu, buluu, nyeupe, na nyingine zaidi. Kwa sekunde moja au mbili kioo chote kinakuwa rangi moja tupu, halafu tukio jipya linatoka humo. Mara ya kwanza unadhani ni pambo. Ukizidi kutazama unagundua kwamba katika filamu hii hakuna hata mahali pa kupumzisha jicho kwenye weusi, kwa hiyo huzuni haina pa kukaa. Msiba unapofika, unafika katikati ya mwanga uleule na majani yaleyale mabichi. Hakuna mawingu yaliyoitwa kuja kulia pamoja nasi.

Filamu inafunguka kwa alizeti. Ua moja liko mbele kabisa, kubwa, la njano, na nyuma yake, mbali, watu wanne wanakuja huku wameshikana mikono. Lenzi imelishika ua, hivyo watu hao ni madoa yanayotembea. Mkato, ua. Mkato, madoa. Vipande vinazidi kuwa vifupi, na familia inazidi kukaribia bila kupata sura kamili. Juu ya hayo yote unapigwa muziki wa Mozart, ule wa Adagio na Fuga katika C ndogo. Wimbo huo ni mkali na mzito, na mtu angetegemea kuusikia mahali pengine kabisa, wala si juu ya shamba la alizeti siku ya mapumziko. Mhariri wa filamu, Janine Verneau, aliyekuwa pia mhariri wa Cléo, anakata kwa kasi inayopanda kidogo kidogo, na kabla hatujajua jina la mtu yeyote tumeshapewa mambo mawili: furaha inayoonekana, na sikio linalokataa kuiamini.

Siku hiyo ni sikukuu ya akina baba, na familia imeenda msituni kula na kupumzika. Watoto wanalazwa chini ya chandarua kilichotundikwa kwenye tawi. Wazazi wanajilaza majanini. Varda hana haraka hata kidogo. Anawaacha wakusanye vyombo, wachume maua, wapakie kwenye gari dogo, warudi. Kila kitendo kina mwanzo na mwisho wake. Nawaheshimu sana watengenezaji wa filamu wanaoweza kumwacha mtu akunje shuka mpaka likunjike, kwa sababu wengi wetu tungekuwa tumeshakata.

Nyumbani, Thérèse anashona. Mteja anayekaribia kuolewa amemletea kazi ya gauni la harusi, na kitambaa cheupe kinajaza chumba kidogo ambamo watoto wanaishi na kucheza. Mke anashona ndoa ya mtu mwingine, mezani pake mwenyewe, kati ya chakula kimoja na kingine. Varda hakuweka neno hapo. Aliliweka gauni. Na kule karakanani seremala yuko na wenzake kati ya mbao na vumbi la randa, akifanya kazi kwa utulivu wa mtu asiye na deni na yeyote. Filamu inampenda mwanamume huyu, na hilo ni muhimu kulisema. Kamera haimtegi. Ni kijana mwema, mchapakazi, anayecheza na wanawe na kusaidiana na mkewe. Varda angeweza kumfanya mlevi, au mkali, au mwongo, na kazi yake ingekuwa rahisi mara kumi.

Kisha vinakuja vipande ambavyo kwangu ndivyo kiini cha filamu nzima. Kamera inashuka kutoka usoni hadi mikononi mwa Thérèse na kukaa hapo. Mikono inakanda unga. Mikono inapitisha pasi juu ya nguo. Mikono inamwagilia maua. Mikono inamfunika mtoto kitandani. Uso hauko ndani ya fremu, na hakuna anayesema kitu. Kila kipande ni kifupi, kimepigwa kwa karibu na kwa mwanga mzuri, kikaachwa kwa muda wa kutosha tu kuonyesha kwamba kazi imefanyika sawasawa.

Ukivitazama kwa makini unaona ustadi wa aina mbili ukikutana. Wa kwanza ni wa Thérèse: unga haushikani na vidole, pasi haisiti, maji hayamwagiki nje ya chungu. Wa pili ni wa Varda aliyejua aache nini nje. Alipouacha uso, alituambia kwamba nyumba hii inaendeshwa na mikono, na kwamba kwa wanaokula na kuvaa na kulala humo, mikono inatosha. Mara ya kwanza mtazamaji anapokea vipande hivyo kama sifa kwa mke mwema, na sifa imo kweli. Varda aliitazama kazi ya nyumbani kwa heshima ileile ambayo wengine waliiweka kwa wachongaji na wapanda milima. Uchungu ameuhifadhi kwa baadaye.

François anakutana na Émilie kwenye kaunta ya posta, huko Vincennes, mji mwingine wa pembezoni mwa Paris, anapokwenda kupiga simu. Hapa filamu inabadilisha mwendo. Wanapokaa mkahawani, lenzi inahama: inamshika yeye, inamwachia, inamshika mwenzake, huku watu wengine wakipita kati yao na kufifia. Maandishi ya mjini yanaingia kwenye fremu kama vile barabara nayo ina lake la kusema, kishawishi hapa, fumbo pale. Sehemu hiyo ndiyo pekee ambamo namwona Varda akibonyeza zaidi ya kinachohitajika. Mchezo wa lenzi ulikuwa umeshasema yote.

Émilie anafanana na Thérèse. Wote wawili wana nywele za rangi ya dhahabu, wote wapole, wote wanacheka kwa urahisi. Varda hakumpa François kisingizio cha kuchoka na mmoja kwa sababu wa pili ni wa aina nyingine. Yeye mwenyewe ndiye anayetafuta tofauti, na anamweleza Émilie: mkewe ni kama mmea wenye nguvu, na yeye Émilie ni kama mnyama aliyefunguliwa, naye anapenda maumbile yote. Anasema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, akimaanisha. Drouot aliyasema maneno hayo sawasawa, bila kukonyeza, na ndiyo maana yanatisha.

Tofauti moja ya kweli ipo, nayo ni ya mshahara na mlango. Émilie hana mume, ana kazi ya serikali na chumba chake mwenyewe. Filamu hii ilitoka Februari 1965. Miezi michache baadaye, tarehe 13 Julai mwaka huohuo, Ufaransa ilipitisha sheria iliyomruhusu mke kufanya kazi ya kuajiriwa na kufungua akaunti ya benki bila mumewe kuwa na uwezo wa kumzuia. Na kuhusu uzinzi, kanuni ya adhabu iliyorithiwa kutoka enzi za Napoleon ilikuwa bado hai. Mke aliyezini aliweza kufungwa kuanzia miezi mitatu hadi miaka miwili. Mume alitozwa faini tu, tena endapo alimweka hawara ndani ya nyumba ya ndoa. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1975. Hakuna anayeitaja sheria yoyote ndani ya Le Bonheur, ila ukiijua unaelewa kwa nini François anatembea kwa wepesi ule. Nchi nzima ilikuwa imemtengenezea njia.

Ipo ngoma ya jioni, ya watu wa mtaani, wakicheza dansi chini ya miti. Hapa Varda alifanya kitu ambacho wanafunzi wa sinema wangepaswa kukitazama tena na tena. Kati ya kamera na wachezaji kuna shina la mti. Kamera inakwenda kushoto, inavuka shina, inarudi kulia, inavuka tena, kwa mwendo wa pole unaofuata muziki. Kila inapovuka, wawili wanaocheza wamebadilika. François yuko na Thérèse. Shina. Thérèse yuko na mwanamume mwingine. Shina. François yuko na Émilie. Hakuna mkato hata mmoja ndani ya mwendo huo, hakuna mtazamo wa wivu, hakuna uso uliokunjamana. Watu wanabadilishana kama ilivyo kawaida kwenye dansi yoyote, na mti unafanya kazi ya pazia. Yote tunayohitaji kuyajua kuhusu mwisho wa filamu yamo humo: mmoja ametoka, mwingine ameingia, wimbo haujakatika. Fikiria mazoezi yaliyohitajika ili kila mchezaji awe mahali pake hasa wakati kamera inapotokeza upande wa pili, na hata hivyo kwenye kioo pote panaonekana kama pumzi ya jioni tu.

Siku ya kuelezana inakuja, nayo iko msituni pia. Thérèse amemwona mumewe akiwa na furaha kupita kawaida, na anauliza sababu. François anamjibu kwa mfano wa shamba la matunda. Yeye, mke na watoto wako ndani ya shamba lililozungushiwa uzio. Kisha anaona mtufaa mmoja umeota nje ya uzio, nao umechanua pamoja na yao. Ni maua zaidi, ni matunda zaidi. Kwake hiyo ni hesabu ya kujumlisha, na hakuna kilichopunguzwa kwa mtu.

Msomaji wa kwetu anayejua uke wenza atasimama hapo kidogo. Tunajua ndoa za wake wengi, tunazijua na kanuni zake: zamu, matumizi, nyumba, jina la kila mtu mbele ya jamaa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka mume na mke wote wawili waridhie kabla ndoa ya mke mmoja haijageuzwa kuwa ya wengi. François hajawahi kufikiria kuomba ridhaa. Hatoi mahari wala zamu, na hamtambulishi Émilie kwa mtu. Anagawa alichonacho, kisha anataka mkewe afurahi naye kwa sababu yeye amefurahi. Na Thérèse, baada ya kimya kifupi, anakubali. Anasema kitu cha kumfariji mumewe. Wanalala pamoja majanini huku watoto wakiwa usingizini. Claire Drouot, mtu ambaye hakuwa mwigizaji, anafanya kitu kigumu sana katika dakika hizo: anaruhusu uso wake ujae habari, kisha anausafisha tena uwe wa mke. Varda alimsogelea na akamngoja amalize.

François anaamka na mkewe hayupo. Anawachukua watoto, anatembea, anauliza watu, anakimbia. Ukurasa huu wa filamu ni wa mwendo wa kawaida kabisa, wa watu waliokuja kupumzika Jumapili na wanajibu swali la mtu wasiyemjua. Kisha kuna kundi kando ya maji, na mwili umeshatolewa.

Anapiga magoti, anamnyanyua, anamkumbatia. Halafu picha inarudi nyuma kidogo na anamnyanyua tena. Na tena. Kitendo kilekile kimekatwa na kurudiwa mara kadhaa mfululizo, kana kwamba filamu yenyewe imekwama na haiwezi kupita. Mpaka hapo uhariri ulikuwa ukienda kama maji, na ndiyo sababu kukwama huku kunaumiza. Verneau na Varda walihifadhi kifaa hiki hawakukitumia popote pengine. Wangekitumia mapema, hata mara moja, hapa kisingefanya kazi.

Katikati ya marudio hayo kuna kipande cha kufumba na kufumbua. Thérèse yuko majini, mkono umenyoshwa, unashika tawi. Kimepita. Je, alijitupa kisha mwili ukakataa kufa? Aliteleza akichuma maua akahangaika? Au ni mumewe anayejitengenezea picha ya ajali, kwa kuwa ajali inabebeka? Varda alikipima kipande hicho kiwe kirefu kiasi cha kuonekana na kifupi kiasi cha kutotolewa ushahidi. Mtu akikiongeza sekunde mbili anakuwa amelijibu swali, na akikipunguza kidogo hakuna atakayejua kilikuwepo. Nimewahi kuwaona watu wakibishana juu ya kipande hicho muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Tena ni mkono. Katika dakika yake ya mwisho hatupewi tena uso wake mtulivu. Tunapewa kiungo kilekile kilichokanda unga, safari hii kikijitafutia kitu cha kushika.

Msiba unapita kwa wepesi unaoshangaza. Kuna mazishi, kuna ndugu wanaojadili nani awachukue watoto, kuna siku za shambani kwa jamaa. Kwenye televisheni ya nyumba ya mjomba tulishapata kuona kipande cha filamu ya Jean Renoir, Le Déjeuner sur l'herbe ya 1959, ambamo furaha inaelezwa kuwa labda ni kutii tu mpango wa maumbile. Wakati ule neno hilo lilipita kama sauti ya televisheni inayosikika watu wakila. Sasa unaelewa kwa nini Varda aliliweka. Maumbile yana mpango: majani yanaanguka, mengine yanaota. François anarudi kazini, anarudi kwa Émilie, anamwomba. Émilie anakubali, kwa upole na bila ushindi wowote usoni.

Na hapo vipande vya mikono vinarudi. Mikono inashughulika na chakula. Mikono inapiga pasi. Mikono inamwagilia maua. Mikono inawafunika watoto. Mpangilio wa fremu unaujua, mwanga unaujua, urefu wa vipande unaujua. Mikono ni ya Émilie. Inafanya vizuri. Pengine hapa na pale ungetamani ikosee, imwage kitu, iunguze kola ya shati, ili aliyekufa awe amekuwa mtu ambaye pengo lake halizibiki kwa wiki chache. Haikosei. Unga haujui umekandwa na nani, na watoto wanalala.

Kazi yote iliyotangulia ilikuwa ikiandaa nusu dakika hiyo. Ndiyo sababu uso uliachwa nje mara ya kwanza: ili mara ya pili tusiwe na cha kutofautisha. Ndiyo sababu wanawake hawa wanafanana, na ndiyo sababu mti ule ulisimama katikati ya dansi. Hata kumpenda François kulikuwa sehemu ya matayarisho, kwa kuwa angekuwa mtu mbaya tungemlaumu yeye tukaenda zetu kulala. Varda alisubiri zaidi ya saa nzima bila kutuonyesha alikuwa akielekea wapi. Uvumilivu wa namna hiyo ugumu wake ni kwamba lazima uamini kila hatua ndogo ingali peke yake, kabla haijapata maana.

Familia ya wanne inarudi msituni, wakati wa vuli, wamevaa masweta ya rangi zinazolingana na majani yaliyogeuka njano. Ni picha nzuri sana. Varda hakuipunguzia uzuri hata chembe.

Nyumbani filamu hii ilipewa tuzo ya Louis Delluc, na mwaka 1965 ikapata Dubu wa Fedha kwenye tamasha la Berlin. Pia iliwagawa watu, na bado inawagawa. Wapo wanawake waliomlaumu Varda kwa kumwacha François aende zake bila hata kofi. Nawaelewa, ingawa naona kofi lingemfuta machozi mtazamaji mapema mno. Wengine waliipokea kama shairi la mapenzi huru, na hao naona hawakuitazama mikono.

Filamu za Eastmancolor za miaka ile zina maradhi yake. Rangi zilizomo kwenye utepe hazizeeki kwa kasi moja. Buluu-kijani huchoka mapema, na nakala iliyokaa vibaya hubaki na wekundu uliopauka juu ya kila kitu. Kwa filamu nyingine hiyo ni hasara ya urembo. Kwa Le Bonheur ni hasara ya maana, kwa sababu hoja yake imo ndani ya kijani cha majani na njano ya sweta, na msiba unaotokea kwenye wekundu uliopauka ni msiba mwingine kabisa. Varda alilijua hilo. Akikaribia miaka 80 alisimamia mwenyewe urejeshaji wa filamu hii kwenye nakala za kidijitali, akiidhinisha rangi alizozichagua akiwa na miaka 36. Alifariki Machi 2019. Kampuni yake, Ciné-Tamaris, iko hadi leo kwenye mtaa wa Daguerre mjini Paris, mtaa alioishi na kufanyia kazi kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya filamu, na wanawe, Rosalie Varda na Mathieu Demy, ndio wanaozitunza filamu zake sasa.